Promonosaiti na Mipaka ya Istilahi: Utambuzi wa Lukemia ya Monosaiti Maabarani

Lukemia ya monosaiti ni saratani ya damu ambayo chanzo chake ni uboho wa mifupa. Seli zinazopaswa kukomaa zikawa monosaiti, aina mojawapo ya chembechembe nyeupe za damu, hukwama katika uchanga wake huku zikizidi kuongezeka. Ili kuzitambua, damu au uboho hutandazwa juu ya kioo, hutiwa rangi kama ile ya Leishman au Giemsa, kisha hutazamwa kwa hadubini.

Monoblasti ni seli kubwa yenye kiini cha mviringo na kromatini laini, yaani nyuzi za urithi zilizomo kiinini. Monosaiti iliyokomaa ina kiini kilichojipinda mithili ya figo, na kromatini yake imeshikamana. Utata umo katika promonosaiti iliyo baina ya hizo mbili: kromatini ingali laini, ila kiini kimeanza kujikunja mikunjo myepesi kama hariri iliyofinywa. Rangi ya esterasi, hasa inapozimwa na floridi ya sodiamu, huthibitisha ukoo wa seli. Haiuchori mpaka huo. Jicho ndilo huamua.

Uamuzi wenyewe si mdogo, maadamu promonosaiti huhesabiwa pamoja na blasti ilhali monosaiti haihesabiwi. Mfumo wa FAB wa mwaka 1976 uliweka kiwango cha lukemia kali kuwa blasti 30%. Shirika la Afya Duniani likakishusha hadi 20% mwaka 2001, na kingali hivyo pasipo kasoro maalumu za jeni. Tuseme katika seli 500 za uboho mna monoblasti 50 na promonosaiti 60. Hiyo ni 22%. Mchunguzi akiziita 30 kati ya promonosaiti hizo monosaiti, hesabu hushuka hadi 16%, na ugonjwa huenda ukaitwa lukemia sugu, ambayo tiba yake ni tofauti.

Mwaka 2009 kundi la kimataifa la wataalamu wa mofolojia (ya seli, si ya maneno) lilipendekeza aina ya nne: monosaiti isiyokomaa, ambayo si blasti. Hapa ndipo Kiswahili kinapojikwaa. Istilahi "seli changa" huzikumba blasti, promonosaiti na hata aina hii ya nne, hivyo msomaji wa ripoti hawezi kujua ni zipi zilizohesabiwa. Yafaa "blasti" na "promonosaiti" yabaki kuwa maneno mkopo, nacho kivumishi "changa" kitengewe aina hiyo ya nne pekee.