Supachaja kwenye pikapu: kabla hujampa fundi pesa

Msikilizaji wetu mmoja ana Hilux ya zamani yenye injini ya 3L. Anabeba viazi, na kila akifika mlimani gari linachoka. Fundi amemwambia dawa ni supachaja. Anauliza, akubali?

Injini huunguza mafuta kwa hewa. Hiyo 3L, dizeli ya lita 2.8, hujivutia hewa yenyewe, haisukumiwi. Ukiwa mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama kule Makete, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Tanga, kwa hiyo nguvu hupungua. Supachaja ni pampu inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye krenki, nayo husukumia hewa zaidi ndani ya silinda. Tabo hufanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe huzungushwa na moshi wa ekzosi. Kwenye dizeli ndogo tabo ndiyo iliyozoeleka. Supachaja hula sehemu ya nguvu za injini, na mkanda wake ukikatika kijijini utaupata wapi?

Sasa sikiliza hapa. Hewa peke yake haileti nguvu nyingi. Lazima fundi aongeze na dizeli kwenye pampu, na dizeli ikizidi, joto linazidi. Injini ya 3L tayari hubana hewa mara 22, na haikutengenezwa kusukumiwa. Pistoni zake ni za alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi. Kwenye tambarare utakanyaga mafuta sekunde chache na kuachia. Ukipanda Kitonga na tani moja mgongoni, unakanyaga dakika nyingi bila kupumzika. Hapo ndipo gasketi huungua, hedi hupasuka, pistoni hutoboka, na viazi vinaozea barabarani.

Mimi si fundi, lakini ningeanza na vya bei ndogo. Safisha au badilisha eya klina. Nozeli zipimwe. Ukiona moshi mweusi mlimani, ujue dizeli inazidi hewa, au nozeli zimechoka. Halafu kila silinda ipimwe mgandamizo. Ikiwa mmoja uko chini kuliko mingine, injini inahitaji matengenezo, si supachaja.

Kama bado unataka kufunga, mwambie fundi aweke na kipimo cha joto la ekzosi, mbele ya macho yako kwenye dashibodi. Akikwambia hakina kazi, tafuta fundi mwingine.