Beste Amewekwa Chuma kwa Paja? Cheki Mguu Wake Kabla Ucheki Simu

Nduthi ikianguka vibaya, mara mob mfupa wa paja ndio unalipa. Huo ndio mfupa mrefu na mgumu kuliko yote mwilini, na ukivunjika, zaidi ya lita moja ya damu inaweza kumwagikia ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Kwa mtu mzima, suluhisho huwa ni theta. Daktari anapitisha chuma kirefu katikati ya mfupa, alafu anakifunga na skrubu juu na chini ndio mfupa usizunguke. Hosi mob hapa Kenya hutumia chuma za SIGN, shirika la Marekani lililoanza 1999, ju zinaweza kuwekwa hata kama theta haina mashine ya eksirei.

Operesheni nyingi zinaisha fiti. Lakini kuna noma moja wasee wengi hawaijui: mshipa wa damu kuumizwa. Hutokea mara chache sana, ila ikitokea, masaa ndio yanaamua kama mguu utabaki.

Mshipa uko karibu aje?

Ateri kubwa ya paja inaanzia kwa kinena, inashuka upande wa ndani, alafu ikikaribia goti inaingia nyuma. Iko na tawi linaloshuka karibu kabisa na mfupa, na vijitawi vinavyouzunguka mfupa kwa nyuma. Sasa daktari akitoboa kutoka upande wa nje, drili inapita mfupa, na ng'ambo ile ingine kuna mishipa.

Inaweza kuumizwa hivi:

1. Drili imetoboa mfupa ikapitiliza.
2. Skrubu ni ndefu kushinda mfupa, ncha inasugua mshipa polepole.
3. Waya wa kufunga vipande vya mfupa umenasa mshipa.
4. Kipande cha mfupa chenye makali kimeukata, wakati wa ajali ama mguu ukivutwa kunyooshwa.

Ndio maana daktari hupima urefu wa tundu kabla aweke skrubu, na mapigo ya mguu yanafaa kuchekiwa kabla ya theta na baada.

Dalili za kuchunga

Zingine zinakuja mapema: mguu ni baridi kuliko ule mwingine, umepauka, uko na ganzi, vidole havisongi, ama uchungu hausikii dawa. Paja nalo linaweza kuvimba na kukaza, ama bandeji inalowa damu kila ikibadilishwa.

Zingine zinajificha. Siku ama wiki kadhaa baadaye, msee ashaenda home, anatokea na uvimbe unaodunda kama moyo. Hapo damu inavuja kwa ateri na kujikusanya pembeni. Usikande, usiweke maji moto, na usimpeleke kwa mtu wa kuvuta mifupa. Rudi hosi siku hiyo hiyo.

Form ni gani ukiwa kwa wodi?

Shika nyayo zote mbili ulinganishe joto. Mapigo unayapata juu ya wayo, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Ukikosa kuyapata usipaniki, si rahisi kama hujazoea. Lakini mguu ukiwa baridi ama umepauka, usingoje daktari apite asubuhi. Sema tu: "Sista, naomba ucheki mapigo ya huu mguu saa hii." Hiyo si kusumbua mtu. Nyama ya mguu ikikosa damu kabisa kwa masaa kama 6, inaanza kufa na hairudi.

Madaktari wakishuku, watatumia mashine ya Doppler kusikiza damu ikipita, ama skani ya CT inayoonyesha mishipa. Mshipa unaweza kushonwa, tawi dogo likazibwa, ama kibomba kikawekwa ndani kupitisha damu. Ikishikwa mapema, mguu huwa na nafasi poa ya kupona.

Kwa hivyo usitoroke theta ju ya hii stori. Paja lililovunjika likiachwa hivyo ni hatari kushinda chuma. Wewe kaa rada tu, na mbogi ikienda kumwona mgonjwa, kabla ya soda na mandazi, mtu ashike nyayo.