Maana na Asili ya Kielezi "Aghalabu"

Tuchukue sentensi ya kubuni, ya aina inayopatikana katika ripoti za utafiti wa vijijini: "Wakulima wa Kibimba aghalabu huchanganya migomba na maharage katika shamba moja." Msomaji mmoja ataelewa kwamba kilimo mseto ndiyo desturi ya wakulima hao, mwingine ataelewa kwamba ni jambo la nadra. Sentensi ni ileile, lakini matokeo yamepinduka. Makala haya yanafafanua asili ya kielezi hicho na kuonesha namna maana ya pili, iliyo potofu, inavyojipenyeza.

Aghalabu limetokana na neno la Kiarabu aghlab, lenye mzizi gh-l-b unaobeba dhana ya kushinda. Kilicho aghlab ni kile kilichozidi vingine, yaani sehemu iliyo kubwa zaidi. Kutoka hapo hadi "mara nyingi" ni hatua fupi, kwa kuwa tukio linaloyashinda mengine kwa idadi ndilo la kawaida. Kimaumbo, irabu a ilichopekwa kati ya gh na l, na u ikaongezwa baada ya b kama ilivyo katika kitabu, sababu na adabu. Afadhali, kutoka afdhal, limepita njia hiyohiyo, ila l yake ya mwisho imefuatwa na i. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) nayo inaliweka aghalabu upande wa wingi na ukawaida.

Kosa linatoka wapi, basi? Neno hili ni la maandishi kuliko la mazungumzo. Mwanafunzi wa Kibimba, katika eneo la Ngara na Biharamulo, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihangaza au Kisubi, huenda akakutana nalo kitabuni kabla ya kulisikia, na uchache wa neno lenyewe akaudhania kuwa ndiyo maana yake. Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa kosa hili ni la wajifunzaji peke yao.

Sababu nzito zaidi ni ya kisintaksia. Husemwa "ni nadra kumkuta nyumbani". Kwa kuiga muundo huo, baadhi huandika "ni aghalabu kumkuta nyumbani". Aghalabu, likiwa kielezi, huandamana vyema na kitenzi cha hu-. Likipachikwa katika kiti cha nadra, hurithi maana ya nadra. Ukanushi nao huchangia. Katika "aghalabu wazazi hawahudhurii mikutano", uchache wa mahudhurio unaletwa na kiambishi ha-, si na kielezi, lakini msomaji wa haraka huweza kuuhusisha na kielezi.

Wapo watakaodai kwamba maana hubadilika kwa matumizi. Ni kweli, lakini neno linalomaanisha wingi na uchache kwa pamoja haliwezi kubeba matokeo ya utafiti. Kwa hiyo mtahini akikuta "ni aghalabu ku-" katika tasnifu, asiharakishe kuweka nadra mahali pake. Amtake mtafiti arejee data yake na aeleze ni wangapi, kati ya wangapi.