Kratos, straika wa mkopo asiyekosa namba

KWENYE soka, mchezaji akikosa namba hupelekwa kwa mkopo. Kratos, yule jamaa mwenye kipara wa gemu la God of War, anakopeshwa kwa sababu ni staa.

Tangu mwaka 2005 alipoanza kugombana na miungu ya Ugiriki kwenye PlayStation 2, ameitwa kila kona. Mwaka 2008 alishika fimbo ya gofu kwenye Hot Shots Golf: Out of Bounds, 2009 akatua Soulcalibur: Broken Destiny, kisha 2011 akaibukia Mortal Kombat, ila kwa wenye PlayStation 3 tu. Mwenye Xbox 360 alinunua gemu hilohilo, akaishia kumwona Kratos kwa jirani.

Siri iko hapo. Kratos ni mali ya Sony, hivyo kila alikokwenda alikuwa anaivutia wateja klabu yake.

Desemba 2020 mambo yakabadilika. Alitua Fortnite, na safari hii hata wa Xbox wakamtumia. Bure? Thubutu! Miezi michache nyuma, Sony ilikuwa imewekeza Dola 250 milioni kwa Epic Games, wenye Fortnite.

Kumbe hata mkopo una hesabu zake.