Kuhariri jeni: Ngano, migomba yetu na maswali ya mkristo

Mkate tunaokula asubuhi hapa Bukavu umetengenezwa kwa ngano iliyotoka mbali. Mwaka 2014 wataalamu wa China walitangaza ngano inayostahimili ugonjwa wa ukungu mweupe wa majani, bila kuiongezea kitu kutoka mmea mwingine. Kazi hiyo inaitwa kuhariri jeni. Kwetu Kivu, inagusa kwanza mgomba.

Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila kiumbe hai. Chombo kiitwacho CRISPR hufanya kazi kama mkasi: hutafuta agizo moja na kulikata. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo.

Kwa nini mgomba? Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukafika Kivu ya Kusini. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kutu. Familia iliyotegemea shamba hilo kwa chakula na pesa za shule hubaki mikono mitupu. Na kwa kuwa ndizi zetu hazina mbegu, kupata aina mpya kwa kuchanganya mimea huchukua miaka mingi sana.

Mwaka 2021 watafiti wa IITA walioko Nairobi walieleza kwamba walizima jeni moja ya ndizi, ile inayopunguza nguvu ya mmea kujikinga. Migomba hiyo ilistahimili mnyauko vizuri zaidi.

Je, hii ni OGM? Tofauti ipo, lakini tuseme ukweli wote. OGM tunazosikia mara nyingi hubeba jeni ya kiumbe kingine. Kwa ngano, mkasi ukishamaliza kazi unaweza kuondolewa kwa kuzalisha mbegu kizazi baada ya kizazi. Kwa mgomba usio na mbegu, kuuondoa ni kugumu zaidi. Kwa hiyo anayeuliza maswali asidharauliwe kama mtu asiye na imani au asiye na elimu.

Tangu Edeni mwanadamu alipewa kazi ya kulima na kutunza. Akili ya kutibu mmea ni zawadi ya Mungu, lakini upendo kwa jirani unatudai tuulize: mmea umepimwa na nani? Mama mwenye shamba dogo ataweza kuchukua chipukizi na kumpa jirani yake bure, kama desturi yetu ilivyo? Wakulima wenyewe wamesikilizwa?

Migomba hiyo bado haijafika mashambani kwetu. Tusiingoje mikono mifukoni. Haya yanawezekana leo:

- Ondoa ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu mara ndizi za mwisho zinapotokea. Tumia kijiti chenye panda, si panga, kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa kupitia ua hilo.
- Pitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine.
- Kata shina lililougua mpaka chini, mapema, na rudia kila unapoona dalili.
- Usichukue chipukizi katika shamba lenye ugonjwa.

Mnyauko hauheshimu mipaka ya mashamba. Chama cha wamama, vijana na wazee wa kanisa wakubaliane siku moja ya kukagua migomba ya kila familia, kuanzia kwa wajane na wagonjwa wasioweza kuifanya kazi hiyo peke yao.