Mwili wa Kipupwe, Joto la Muscat

Kila ifikapo Juni napokea simu za aina moja. Kijana amehamia Muscat kwa miezi michache, amepanga chumba Al Khuwair au Seeb karibu na ndugu zake, na kazi yake ya Dar es Salaam au Nairobi anaendelea kuifanya kwa kompyuta. Hapandi jukwaa la ujenzi, habebi mzigo bandarini. Anakaa kitini, kiyoyozi kikiunguruma juu ya kichwa. Hata hivyo wiki ya pili inamkuta kichwa kinamuuma, usingizi umemhama, makosa yamejaa kwenye kazi aliyoizoea, na siku akitoka mara moja tu kwenda dukani anarudi akiyumba. Swali lake ni lilelile: "Daktari, mimi ni mtu wa pwani, joto nimezaliwa nalo. Imekuwaje?"

Jibu langu huanza na pepo. Joto alilozaliwa nalo ni la kaskazi, la Januari na Februari. Juni pwani yetu inavuma kusi, na kusi huleta kipupwe. Usiku wa Julai Dar es Salaam hushuka hadi karibu nyuzi 20 za sentigredi, na Nairobi watu wanajifunika mablanketi kwenye nyuzi 11 au 12. Muscat, majuma hayohayo, ndio kilele cha kiangazi. Mchana kuvuka nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na usiku kipimajoto mara nyingi hakishuki chini ya 30. Anayeshuka uwanja wa ndege wa Muscat mwezi wa sita ana pasipoti ya mtu wa pwani, lakini mwili wake ni wa kipupwe.

Mwili husahau joto. Ukikaa kwenye joto kila siku, ndani ya wiki moja hadi mbili unajirekebisha: maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na kutoka kwa wingi, chumvi inayopotea nalo inapungua, na moyo unaacha kwenda mbio kwa kazi ndogo. Ukiondoka kwenye joto, mazoea hayo yanapotea ndani ya wiki chache. Hayahifadhiwi kwa sababu ulizaliwa Tanga.

Hapa ndipo mfanyakazi wa kompyuta anapopungukiwa na kitu ambacho fundi ujenzi anakipata. Fundi anapata taabu kubwa zaidi, sikatai, ndiyo maana sheria ya Oman inasimamisha kazi za nje kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana, Juni hadi mwisho wa Agosti. Lakini mwili wake unazoea. Huyu wetu anatoka kitandani kwenye nyuzi 20, anakaa mezani kwenye nyuzi 20, anaingia garini kwenye nyuzi 20. Miezi mitatu inapita na mwili wake haujafika Muscat. Siku umeme ukikatika, au gari likimharibikia barabarani saa nane mchana, anakutana na joto kwa mara ya kwanza.

Ili kuelewa hatari yenyewe, fikiria mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu machache yanapenya kwenye udongo, yanafika nje na kukauka, na yakikauka yanaondoka na joto. Wazee wa Oman wana mtungi wao, jahla, uliokuwa ukining'inizwa penye upepo kwa kazi hiyohiyo. Ngozi ya binadamu ni udongo wa mtungi. Mtu aliyekaa kitini hutoa joto kama la balbu ya zamani ya wati 100, na lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto la kilojuli zipatazo 2,400. Piga hesabu: mililita 150 za jasho kwa saa, nusu glasi tu, zinatosha kuondoa joto lote analolitengeneza mtu anayechapa barua pepe. Sharti ni moja, jasho likauke. Linalodondoka sakafuni halijakupoza hata kidogo.

Kila aliyewahi kuwa na mtungi nyumbani anajua kwamba siku ya fukuto maji hayapoi. Hewa imeshiba unyevu, haina nafasi ya kupokea zaidi. Wanasayansi hulipima jambo hili kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Mwaka 2010 watafiti Steven Sherwood na Matthew Huber waliandika kwamba kipimo hicho kikifika nyuzi 35 mwili wa binadamu hauwezi tena kujipoza, hata uwe kivulini, uchi, na maji tele pembeni. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, waliwapima vijana wenye afya njema wakaona kikomo ni cha chini zaidi, karibu nyuzi 31. Hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 75 humweka mtu hapohapo. Kuna jioni za Julai kwenye pwani ya Oman zinazoikaribia hali hiyo. Kwa hiyo usisome nyuzi peke yake kwenye simu yako, soma na unyevu. Nyuzi 44 kavu za Nizwa, mji wa bara, na nyuzi 36 za fukuto la Seeb ni magonjwa mawili tofauti.

Ni tofauti hata kwenye feni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwenye nyuzi 40 zenye unyevu wa nusu feni inasaidia, kwa kuwa inasukuma hewa iliyoshiba na kuleta nyingine juu ya ngozi. Kwenye nyuzi 47 kavu feni inadhuru. Inakupulizia joto jingi kuliko inavyokukausha jasho, kama mtu anayepepea jiko. Siku za upepo wa gharbi, ule mkavu unaoteremka kutoka milima ya Hajar, ukikosa kiyoyozi usiielekeze feni mwilini kabla ya kuilowesha ngozi.

Watu wengi wanauogopa mchana. Mimi nauogopa usiku. Tarehe 26 Juni 2018 mji wa Qurayyat, pwani kusini-mashariki mwa Muscat, ulikaa saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Ndio usiku wenye joto kubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani. Mwili ukitaka kulala hushusha joto lake la ndani kidogo, na hulitoa kupitia viganja na nyayo, ndiyo maana mtu aliyezidiwa na hari hutoa miguu nje ya shuka hata akiwa usingizini. Chumba kikiwa cha moto, mlango huo umefungwa. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard waliwafuatilia wanafunzi 44 wa chuo mjini Boston wakati wa wimbi la joto. Waliolala bila kiyoyozi, walipopewa maswali ya kupima akili asubuhi, walikuwa wazito wa kujibu kwa takriban asilimia 13 kuliko wenzao. Hao ni vijana wazima, tena Boston. Kijana wangu anayezima kiyoyozi usiku ili kupunguza bili ya umeme anailipa bili hiyohiyo mchana, kwa makosa ya kazini.

Ukitaka kubana matumizi, bana sebuleni. Chumba cha kulala kiache kwenye nyuzi 24 au 25 usiku kucha, feni ikienda polepole. Nyuzi 18 si dawa ya joto. Zinakukausha koo, zinapandisha gharama, na zinazidi kuutenga mwili wako na mji unaoishi.

Nyumba yenyewe ina siri zake, na nyingi ni kinyume cha malezi yetu. Pwani ya Afrika Mashariki tumefundishwa kufungua madirisha upepo upite. Bibi mmoja wa mtaa wa Al Khoud, aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja, alinikuta siku moja nikifungua dirisha la mwanawe saa nne asubuhi. "Mwanangu, funga," akaniambia. "Huo si upepo wa baharini kwetu, unaingiza moto." Alisema kweli. Dirisha na pazia nzito hufungwa kabla jua halijapanda. Ukuta wa magharibi hunywa jua alasiri yote na kuanza kulitapika ndani baada ya Magharibi, kwa hiyo meza na kitanda vikae mbali nao. Ukiwa bado unatafuta chumba, kikimbie cha ghorofa ya juu kabisa, maana dari lake ndilo paa.

Kuna hekima nyingine ya wenyeji ambayo mgeni huishangaa. Matangi ya maji yako juu ya paa, hivyo Juni bomba la baridi hutoa maji ya kuunguza. Wenyeji huzima hita ya bafuni msimu mzima. Maji yaliyotulia ndani ya tangi lake, kivulini mwa nyumba, hupoa, na kuanzia hapo bomba la moto ndilo la kuogea.

Kompyuta nayo ina mwili wake. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Zaidi ya hapo hupunguza kasi zenyewe na betri huzeeka haraka. Usiiache garini hata dakika kumi. Na ukitoka nayo kwenye chumba cha baridi kwenda nje kwenye fukuto, kumbuka miwani yako inavyoingia ukungu mlangoni. Ukungu huohuo unaingia ndani ya mashine. Iache kwenye mkoba uliofungwa ipate joto taratibu kabla ya kuiwasha.

Sasa tuufundishe mwili. Kwa wiki mbili za kwanza, toka kila siku ukatembee, baada ya Alfajiri au baada ya Isha. Anza na dakika 15 au 20, ongeza kidogo kidogo hadi ukaribie saa nzima. Lengo ni kutoka jasho, si kuchoka. Saa zenyewe zinakusaidia kama ofisi yako iko Dar es Salaam. Muscat imetangulia kwa saa moja, kwa hiyo wenzako wanapoingia kazini saa mbili asubuhi, kwako ni saa tatu. Ukiamka mapema umeshatembea, umeoga, na umefanya kazi ya kufikiri kwa saa mbili akili ikiwa bado na usingizi mzuri ndani yake. Anayefanya kazi na London ana mtihani mgumu zaidi, kwani saa tatu asubuhi ya kule wakati wa kiangazi ni saa sita mchana Muscat. Huyo namshauri aombe mikutano mizito iwekwe mwanzoni mwa zamu, kabla kuta hazijashiba jua.

Kuhusu maji sina mengi. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, na utazame mkojo. Ukiwa wa rangi ya majani makavu yaliyopauka, uko salama, ukikolea umechelewa. Anayekaa kitini akila chakula cha kawaida hahitaji vidonge vya chumvi. Glasi ya maziwa ya laban yenye chumvi kidogo pamoja na tende, kama walavyo wenyeji, inatosha. Lakini mwenye selimundu, ugonjwa unaozijua vizuri familia za Oman na za pwani yetu, asikubali kukauka hata siku moja, kwa sababu ukavu huamsha maumivu. Anayetumia dawa za presha za kukojoza, dawa za mzio au za magonjwa ya akili azungumze na daktari wake kabla ya safari, maana baadhi hupunguza jasho au maji mwilini. Asiziache kwa uamuzi wake.

Mwenye kazi isiyomfunga sehemu moja ana uhuru ambao wengi hawautumii. Lile kusi linaloleta kipupwe Unguja huvuka ikweta, hugeuka na kuipiga Dhofar, kusini mwa Oman, likiwa limebeba unyevu. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba Salalah huwa na manyunyu, ukungu na nyuzi za ishirini na kitu, na minazi na migomba yake itakufanya udhani uko nyumbani. Ni takriban kilomita 1,000 kutoka Muscat. Hakikisha intaneti ya nyumba utakayofikia, kisha hamia huko kwa Julai nzima. Karibu zaidi kuna mlima wa Jabal Akhdar, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako gari lisilo la magurudumu manne haliruhusiwi kupanda.

Umeme hukatika mara chache, lakini tarehe 5 Septemba 2022 ulikatika Muscat na mikoa ya jirani. Panga leo utakwenda kwa nani. Ukingoja, lowesha ngozi, tia miguu kwenye ndoo ya maji, kaa kwenye chumba cha chini. Ukimwona mwenzako amechanganyikiwa, anaongea ovyo au ameanguka na mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto, na kila dakika ina thamani. Piga 9999, kisha usikae kusubiri. Mvue nguo, mmwagie maji, mweke barafu kwapani na shingoni, au mzamishe kwenye beseni kichwa kikiwa juu. Panado haisaidii hapa, na asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Nina ombi pia kwa aliye salama chumbani. Ukiagiza chakula saa saba mchana, kuna mtu atakayekuletea kwa pikipiki chini ya jua lile ambalo sheria imewaondolea wajenzi. Pika asubuhi, au agiza jioni.

Na wewe uliye Mombasa, Tanga au Unguja mwenye mtoto Muscat msimu huu, mpigie simu leo. Usimwulize kama ameshazoea joto, atasema ndiyo. Mwulize jana usiku alilala saa ngapi.