Mtazame Mtoto Anapotazama

Swali ninaloulizwa sana na wazazi langoni, saa za kuwachukua watoto, si la karo wala la uji. Ni hili: "Mwalimu, huyu nimwekee stesheni gani?" Anayeuliza huwa mbioni. Kama ni mama, ametoka kupima majani chai na kikapu bado kiko mgongoni. Kama ni baba wa bodaboda, pikipiki inanguruma na abiria anangoja. Nafundisha PP1, darasa la kwanza la chekechea, katika kijiji karibu na Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, na wengi wa watoto wangu wana miaka minne. Jibu la swali hilo haliwezi kutolewa pale langoni likatosha, kwa hiyo naliandika hapa.

Zamani hatukuwa na la kuchagua. Hadi mwaka 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analogia, nyumba za huku milimani zilipata stesheni chache, tena kwa kuizungusha antena juu ya mti. Kisha kikaja king'amuzi. Stima nazo zikasogea vijijini, na wasiofikiwa na nyaya wakaanza kununua televisheni za sola kwa malipo ya kidogo kidogo. Tarehe 31 Machi 2020, majuma mawili tu baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, ikazinduliwa Akili Kids!, stesheni ya kwanza ya Kenya ya watoto inayopatikana bila malipo. Usiichanganye na Akili and Me, ambacho ni kipindi cha katuni cha shirika la Ubongo la Dar es Salaam, shirika lile lile lililoanza kuonyesha Ubongo Kids nchini Tanzania mwaka 2014. Siku hizi mzazi wa Nyamira anaweza kumwekea mtoto katuni kuanzia asubuhi hadi jioni bila kulipa shilingi ya ziada. Shida imekuwa kujua aweke nini.

Jina la stesheni halikupi jibu. Stesheni moja ya watoto inaweza kuonyesha kipindi cha mtoto wa miaka mitatu, na baada yake cha mtoto wa miaka tisa anayejua kugawanya. Nawaambia wazazi wamtazame mtoto anapotazama. Huo ndio mtihani ninaouamini, na haukuanza na mimi.

Mwaka 1969, kabla kipindi cha watoto cha Sesame Street hakijaanza kuonyeshwa Marekani, mtafiti aliyeitwa Edward Palmer alikuwa akiwaketisha watoto mbele ya televisheni, na kando ya televisheni hiyo akiweka picha nyingine zinazobadilika kila baada ya sekunde chache. Kazi yake ilikuwa kuandika mtoto anageuza macho wakati gani. Iligundulika kwamba watu wazima wa kipindi hicho walipokuwa wakizungumza peke yao mtaani, watoto waliangalia kwingine. Watengenezaji wakakibadilisha kipindi: wakawaumba vikaragosi Big Bird na Oscar ili waishi mtaa mmoja na wale watu wazima. Yaani wataalamu wenye digrii zao walikubali kusahihishwa na macho ya mtoto wa miaka minne. Mzazi wa Ekerenyo au wa Suneka anaweza kufanya vivyo hivyo bila mashine yoyote. Mpe mtoto magunzi ya kuchezea au mahindi ya kupukuchua wakati kipindi kinaendelea, kisha uone mikono inasimama wapi na inaendelea wapi.

Lakini macho kuganda kwenye kioo hakutoshi. Kuna katuni zinazokimbia kiasi kwamba hata mtu mzima hawezi kuondoa macho, picha juu ya picha, kelele juu ya kelele. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwagawa watoto 60 wa miaka minne katika makundi matatu. Kundi moja lilitazama SpongeBob, katuni ya kasi, kwa dakika tisa, jingine likatazama katuni ya mwendo wa pole, la tatu likapewa kalamu wachore. Mara tu baada ya hapo wakapewa kazi zinazohitaji subira na kufuata maagizo. Waliotoka kwenye ile katuni ya kasi walifanya vibaya kuliko wenzao. Ni dakika tisa tu! Sisemi kwamba katuni hiyo inaharibu mtoto maisha yake yote, na utafiti ule haukusema hivyo. Ninachosema ni kwamba asubuhi, kabla ya kuja darasani, si wakati wake.

Kipindi kinachomfaa mtoto wa umri huu humwuliza kitu kisha kinanyamaza. Ukimwona Akili wa Akili and Me, yule msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na kusafiri ndotoni hadi Lala Land, utasikia ule unyamavu. Anauliza, anangoja, na mtoto aliyeketi sakafuni kwako anajibu kwa sauti. Watengenezaji wa kipindi cha watoto cha Blue's Clues huko Marekani walitumia mbinu hiyo tangu 1996, tena wakaonyesha kipindi kimoja siku tano mfululizo. Watafiti waliowafuatilia watoto waliona kwamba kadiri kipindi kilivyorudiwa ndivyo walivyokielewa na kukijibu zaidi. Kwa hiyo mtoto wako akitaka wimbo ule ule wa jana na juzi, mwache. Wewe umechoka nao, yeye bado anaufanyia kazi.

Sasa nije kwenye lugha, na hapa naomba wazazi wa Kisii na Nyamira tusikilizane vizuri. Mtoto wa mjini Kisii, wa mtaa wa Mwembe au Jogoo, huenda anakuja shule akiwa na Kiswahili mdomoni. Mtoto wa huku kwetu anakuja na Ekegusii. Wengi mnamwekea katuni za Kiingereza cha Marekani mkiamini kwamba atakishika hivyo hivyo kwa kusikia. Mtafiti Patricia Kuhl alilijaribu jambo hili kwa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Waliochezewa na kusomewa ana kwa ana na mtu anayezungumza Kichina walianza kuzitambua sauti za lugha hiyo. Waliomwona mtu huyo huyo kwenye televisheni hawakupata kitu. Mtoto mkubwa kidogo anaweza kujifunza kutoka kwenye kioo, ila anahitaji mtu karibu wa kumfungulia mlango.

Jumamosi moja nilimtembelea mmoja wa wanafunzi wangu, msichana, nyumbani kwa bibi yake. Bibi alikuwa akichambua mboga ya chinsaga kwenye ungo na televisheni imewashwa, katuni ikihesabu kwa Kiingereza. Mtoto alifika tano, kisha akawa anaruka, mara saba, mara nane. Bibi hajui Kiingereza, lakini alikuwa akifuatilia. Aliweka ungo chini, akainua mkono mmoja wenye vidole vyote: "Isano," yaani tano. Kisha akaongeza kidole gumba cha mkono wa pili. Katika Ekegusii sita huhesabiwa kama tano na moja, saba kama tano na mbili, na mtoto aliviona vidole sita mbele ya macho yake. Akavishika kimoja kimoja. Katuni ilikuwa imeshapita kwenye wimbo mwingine, na hakuna aliyeijali. Yule bibi ndiye aliyekuwa mwalimu wa siku ile. Nyanya na babu wanaoachiwa watoto wakati sisi tuko shambani au sokoni Keroka wasifikirie kwamba kwa kuwa hawajui Kiingereza basi hawana la kuchangia mbele ya televisheni.

Vipindi vyenye lugha na sura za kwetu vinafanya kazi, na ushahidi upo. Huko Morogoro, Tanzania, watoto 568 wa chekechea walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Waliotazama Akili and Me waliwapita wenzao waliotazama kipindi kingine, katika kuhesabu, kutambua tarakimu, kujua maumbo, hata kuchora. Kuna pia Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kutoka mwaka 2010, inayoeleza kwa nini mnyama fulani yuko alivyo. Watoto wangu wanaipenda kwa sababu wameshasikia hadithi za namna hiyo jikoni kwa bibi.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto aliye chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Sisi wa Gusii mvua hutusaidia kidogo. Radi za huku kila mtu anazijua, na mawingu yakianza kunguruma mchana tunachomoa nyaya zote ukutani. Watoto hulalamika, kisha dakika kumi baadaye utawakuta chini ya meza wakicheza gari kwa kijiti. Hiyo pia ni elimu, na ninaitaka sana darasani kwangu.

Jioni ndipo wazazi wanapojisahau. Sheria za utangazaji zinasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vituo vionyeshe mambo yanayofaa familia, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu huweka alama: GE kwa kila mtu, PG kwa mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Zitazameni alama hizo. Lakini kipindi kuruhusiwa saa moja jioni hakumaanishi kwamba kimetengenezewa mtoto wa miaka minne. Taarifa ya habari yenye ajali ya barabarani, au tamthilia iliyotafsiriwa ambamo mke na mume wanatupiana vyombo, huingia akilini mwake na hana maneno ya kuiuliza. Nimewaona wakiyaigiza kwenye kona ya nyumba darasani, kila neno.

Simu ina hatari yake, maana video moja ikiisha nyingine inajiwasha. Mwaka 2017 wazazi duniani kote walishtuka kukuta video zenye wahusika wa katuni wanaojulikana zikionyesha ukatili. Kabla ya kumpa mtoto simu, zima kile kitufe kinachowasha video inayofuata, na umpakulie vipindi ulivyovikagua wewe mwenyewe.

Kipindi kikiisha, zima televisheni, mwulize mtoto swali moja tu kwa lugha ya nyumbani: nani alikuwepo, na alifanya nini? Akikuimbia, akikuchorea mavumbini, akikuhesabia ndizi za mkungu, kipindi hicho kirudieni. Akinyamaza na kudai kingine, kiacheni.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, wiki hii tafuta nusu saa uketi naye hadi mwisho wa kipindi kimoja. Ukishakijua anachokijibu, mwambie mwalimu wake mkikutana langoni. Sisi walimu wa PP1 tunahitaji kujua watoto wamekuja na wimbo gani, ili tuanzie pale.